Siku Walipoipanga Upya Injini ya Gari Letu

Tulikuwa watano siku ile uani kwangu, hapa Bodo. Mimi mwenye nyumba. Mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye dereva wa gari. Binti yangu wa tatu, mgonjwa wa figo, amejinyoosha barazani juu ya kitanda cha kamba. Shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, baba mmoja mama mmoja. Na fundi wa kompyuta kutoka Ukunda, mtu wa bara, ambaye hatuna nasaba naye yoyote isipokuwa siku ile alikula wali wangu na akashukuru.

Wa sita angepaswa kuwapo na hakuitwa. Huyo ni mtoto wa mama yangu mdogo, fundi wa magari kule Gazi, aliyelishughulikia gari hilo tangu siku mume wangu alipolileta.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya babu zao. Siyaandiki kwa sababu sote bado tuko hai na kuna siku tutabebana jeneza. Lakini hasira yangu naiandika. Madarasa niliyosoma ni manne. Mjukuu wangu wa kike amenisahihishia herufi, maneno ni yangu mwenyewe.

Nimeandika kwa kuwa shemeji anazunguka akiwaambia watu kwamba gari liliharibiwa na ile kompyuta, na kwamba mimi nilikuwapo na nikaridhia. Kuwapo nilikuwapo. Kuridhia siwezi kuridhia jambo ambalo sikuulizwa. Siku ile nilichoulizwa ni kama chai iko tayari.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli yenye milango minne. Mume wangu alipofariki halikugawanywa. Wanaume walikaa wakasema libaki gari la familia, shemeji awe msimamizi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu: kitu kikiwa cha wote, mwanamume mkubwa aliyebaki ndiye anayekisemea. Sikupinga. Basi binti yangu akaugua, figo zote mbili, na tangu hapo gari likawa na kazi moja ambayo haiahirishwi. Kila Jumatatu na kila Alhamisi anapelekwa hospitali kulazwa kwenye mashine ya kusafishwa damu. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, pumzi zinakuwa fupi, anakaa wima kitandani kama mtu anayesikiliza kitu. Nimemwona hivyo mara moja na sitaki kumwona tena.

Kutoka kwetu hadi lami ni njia ya udongo, kisha ndiyo barabara kubwa. Tangi likijazwa mpaka shingoni lilitupeleka na kuturudisha majuma sita, yaani safari kumi na mbili. Sikuandika popote. Jumatatu na Alhamisi za mwanangu nazijua kama nizijuavyo sala zangu.

Msimu ule wa kaskazi, mwanangu alirudi kutoka Ukunda na habari. Kwamba injini za dizeli za siku hizi zina kompyuta ndani yake, nayo ndiyo inayoamua dizeli imwagwe kiasi gani na hewa isukumwe kiasi gani. Kwamba kuna mtu anayeweza kuipanga upya, wenyewe wanaita rimapu, na gari likapata nguvu zaidi na likanywa dizeli kidogo. Shemeji aliposikia neno nguvu, akakaa sawa kitini.

Fundi akaja na kompyuta yake ndogo na waya mmoja. Alikuwa na adabu yake, tena ile ya kwao: bibi wanamwita shosho, na "kwa sababu" wanasema juu.

"Shosho, sasa?"

"Shikamoo," nikamwambia, nikimfundisha.

"Marahaba," akajibu. Binti yangu akacheka mpaka akashika ubavu.

Akachomeka waya chini ya usukani. Shemeji akasema tusome Fatiha kwanza, tukasoma, mikono juu, mbele ya pikapu na kompyuta. Yule fundi naye akainamisha kichwa, sijui aliomba kwa nani. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuona aibu kuuliza: "Mwanangu, unasema nguvu zitaongezeka na dizeli itapungua. Mimi nikitaka chungu kichemke haraka naongeza kuni. Hizo nguvu zako zinatoka wapi?"

"Ni hivi, shosho. Kiwandani wanaacha nguvu zingine zimelala, juu hawajui gari itaenda nchi gani, itawekwa dizeli gani. Mimi naamsha kidogo. Ukiendesha vile ulikuwa unaendesha, hukanyagi sana, so inasave. Lakini ukikanyaga, inakunywa. Siwezi kukudanganya."

Hilo alilisema, nami nalishuhudia. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lote ninaloliandikia leo. "Klachi iko sawa? Na tabo, ile inasukuma hewa, haina moshi? Juu nikiongeza nguvu, kitu imechoka itaachia."

Shemeji akajibu kabla mwanangu hajafungua kinywa: "Kila kitu sawa. Gari la ndugu yangu hili, nalijua."

Halijui. Hajawahi hata kulibadilisha gurudumu. Miezi miwili nyuma, fundi wetu wa Gazi alikuwa amemwambia mwanangu kwamba klachi imekwisha, imebaki kuvumilia, na mwanangu akamfikishia msimamizi. Msimamizi akasema tutaona. Mimi nilikuwa nimesharudi jikoni, nikasikia swali, nikasikia na jibu. Nikatoka na mwiko mkononi nikasema, "Mpigieni simu ndugu yangu wa Gazi kwanza."

"Shemeji," akaniambia, kwa ile sauti ya kumtuliza mtoto, "chai iko tayari?"

Mwanangu alitazama chini. Naye namkasirikia, na anajua.

Injini ikapangwa. Kwa haki ya Mungu sitasema uongo: nguvu ziliongezeka. Nilikaa mbele, nikasikia mgongo unasukumwa kwenye kiti. Kile kilima cha mchanga tulichokuwa tukikipanda kwa kunung'unika, gari lilikipanda kama halijakiona. Binti yangu akasema kutoka nyuma, "Huyo fundi mwambieni na mimi anichomeke waya. Nasafishwa kila juma na nguvu siongezewi."

Ikabaki habari ya dizeli. Shemeji alikuwa na shauri lake kule Kwale mjini, akamchukua mwanangu, wakaenda. Walipomaliza shauri wakajaza tangi palepale Kwale, mpaka shingoni. Kisha wakarudi. Walipofika Msambweni wakajaza tena waone lilikula ngapi. Likaingia kidogo sana. Wakaja nyumbani kama watu waliotoka hija. Shemeji akatangaza barazani msikitini kwamba gari sasa linatembea kwa harufu tu.

Nikawauliza, "Mlijazia wapi?"

"Kwale."

"Juu kule?"

"Ndiyo, juu kule."

"Na mkateremka Golini mpaka chini pwani, halafu ni tambarare mpaka Msambweni. Hata mimi nikipewa kikapu cha nazi pale juu ninafika chini bila kutoka jasho. Jazeni hapa chini, mpande Kwale, mrudi, mjaze palepale mlipojazia. Ndipo mniambie."

Shemeji akacheka, akamgeukia mwanangu. "Mama yako anataka kufanya kazi ya uinjinia."

"Nataka kujua kama mwanangu atafika hospitali," nikasema.

Hawakurudia kipimo. Walikuwa wameshatangaza. Mwanamume akishatangaza barazani, ni heri gari life kuliko tangazo lirudi.

Basi nikapima mwenyewe, kwa kipimo changu. Tangi la kwanza mwanangu aliliendesha kwa furaha ya nguvu mpya, anapita malori, anaondoka kwenye matuta kama anafukuzwa. Halikufikisha majuma matano. Tangi la pili nikakaa mbele mimi, kila safari, nikamwambia: mguu wako uutulie kama ulivyokuwa zamani. Likatupeleka majuma sita na safari moja juu. Safari moja. Nakubali ni faida, na yule fundi hakusema uongo. Lakini faida yenyewe ilikuwa kwenye mguu wa dereva kuliko kwenye waya, na ile hasara ya tangi la kwanza hakuna aliyeitangaza msikitini.

Kisha masika yakaingia.

Alhamisi ile binti yangu alikuwa hajapata nafuu tangu Jumatatu. Jumatatu hiyo mashine moja ya hospitali ilikuwa imeharibika, akawekwa saa chache. Vifundo vya miguu vilikuwa vinang'aa. Nilipotoka na mkoba wake asubuhi nikakuta pikapu imekaa chini kwa nyuma. Magunia manane ya nazi. Shemeji amekaa mbele, kwenye kiti changu, amevaa kanzu ya safari.

Nikasema, "Hizi nazi zinaugua nini?"

"Zinapita njia hiyohiyo, shemeji. Zamani halikuweza, leo linaweza. Ndiyo faida ya kuongeza nguvu."

"Zishusheni."

"Tutachelewa tukishusha."

Mwanangu akawasha gari. Nilipanda nyuma na binti yangu kwa sababu kubaki nyumbani nisingeweza.

Udongo ulikuwa umekuwa uji. Kwenye kile kilima cha mchanga gari likaanza vizuri, kisha injini ikapiga kelele kubwa na magurudumu hayakuitikia. Mwanangu akakanyaga zaidi. Kelele ikaongezeka, gari likarudi nyuma. Ikaja harufu, si ya dizeli, ni kama ya kwato zinazochomwa. Nguvu zote zile zilikuwa zinaungulia kwenye klachi iliyokwisha, ile iliyosemwa kwamba iko sawa. Akakanyaga mara ya tatu, na baada ya hapo ukiingiza gia au usiingize ni mamoja.

Shemeji akateremka, akatazama chini ya gari kama atajibiwa. Akasema, "Ni kadari."

Nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mwanamume wa nyumba ile. "Usimtwike Mungu klachi yako. Uliambiwa na fundi wa Gazi. Uliulizwa na yule wa Ukunda. Ukasema sawa. Mungu hakusema sawa, umesema wewe."

Alianza kuhesabu magunia.

Ilipita pikipiki moja yenye abiria, ikapita ya pili yenye abiria. Ya tatu ikasimama. Binti yangu tulimkalisha katikati, ndugu yake nyuma akimshika kiunoni asianguke, leso yangu nikamfunika kichwa kwa mvua. Alinitazama akasema polepole, "Mama, usigombane naye hapa. Gombana naye nikirudi, na mimi nisikie." Wakaondoka. Nikabaki njiani na shemeji na magunia manane.

Binti yangu alifika amechelewa na nafasi yake ilikuwa imeshapewa mwingine, kama ilivyo haki. Akangoja kwenye benchi mpaka alasiri, pumzi zikipungua, mpaka daktari mmoja mwanamke alipomwona anavyokaa akampeleka ndani mwenyewe. Akapona siku ile. Nasema siku ile, kwa sababu kwa ugonjwa wake tunahesabu hivyo.

Ndugu yangu wa Gazi alikuja na kamba, akalivuta gari, akatia klachi mpya. Alipomaliza akanionyesha ile ya zamani, nyeusi, nyembamba kama biskuti. "Dada, hii hata bila kompyuta ingekufa. Kompyuta imeiharakisha tu. Na magunia yameizika."

Nikampigia yule wa Ukunda. Nilitaka kumgombeza na nikakosa pa kuanzia, maana yeye aliuliza. Akaja bila kubishana. Ule mpango wa kiwandani alikuwa ameuhifadhi kwenye kompyuta yake. "Na klachi mpya inaweza kubeba, shosho. Niache ama nirudishe?"

Binti yangu akasema aache, alikuwa ameipenda ile kasi. Nikafikiri kidogo. Gari lenye nguvu ningeweza kuishi nalo, kwa mguu uliotulia na safari moja ya ziada kwa kila tangi. Lakini nguvu ikionekana tu barazani, kuna mtu ataitafutia mzigo. Nikamwambia, "Rudisha." Akarudisha, na safari hii hakuna aliyesoma dua.

Jioni ile nikamtuma mwanangu kwa shemeji akachukue ufunguo wa pili. Akaniletea pamoja na ujumbe kwamba nimemvunjia heshima mbele ya watoto na kwamba mke hasimamii mali ya ukoo. Nikamrudishia jibu: asimamie shamba, asimamie nazi, asimamie na tangazo lake. Gari lina mgonjwa. Funguo zote mbili nimezifunga kwenye ncha ya leso yangu, na mwanangu anaupata ufunguo asubuhi ya safari, baada ya kunionyesha nyuma ya pikapu hakuna kitu. Shemeji hajaja kunywa kahawa kwangu tangu hapo. Kikombe chake kipo, nakiosha pamoja na vingine.

Majina sikosei, lakini hesabu huenda nikakosea. Huenda magunia yalikuwa tisa. Huenda pikipiki iliyosimama ilikuwa ya nne. Mwanangu anasema alikanyaga mara mbili, si tatu, na labda ni kweli, mimi nilikuwa nimemshika dada yake. Aliyekuwapo akakumbuka zaidi yangu, shemeji akiwa wa kwanza, na aje anirekebishe, nitasikiliza na nitafuta nilipokosea.