Kifaranga Ninayedaiwa

Waliokuwapo siku ile nawataja wote, maana wote baadaye waligeuka mashahidi. Alikuwapo shangazi yangu, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko. Alikuwapo mume wake, dereva wa basi, ambaye hata siku ya mapumziko hakuvua kofia ya kazi. Alikuwapo mdogo wangu wa kike, niliyetoka naye Jinja, na kazi yake ilikuwa kupiga makofi wa kwanza ili wengine wamfuate. Walikuwapo watoto wa mtaa, kuanzia anayenyonya hadi wavulana wanne ambao sauti zao zilikwisha kuwa nzito na ambao walikuja, kwa maneno yao, kunionea huruma. Alikuwapo mdogo wetu wa mwisho, mvulana wa miaka sita, na kifaranga wake mkononi. Alikuwapo kuku, mama wa kifaranga huyo. Mwewe simhesabu, kwa sababu hakualikwa.

Ilikuwa sikukuu ya Idi, Mbale, katika miaka ya hamsini, bwawa la Jinja likiwa limekwisha kujengwa na vibarua wengi wamerudi makwao. Watu wazima walikuwa wameshiba pilau. Mimi nilikuwa sijala kitu. Nilikuwa na hofu, na nguo yangu ilijaa mayai.

Lazima nieleze kwa nini msichana wa miaka ishirini, mwenye akili timamu, alisimama uani kwa shangazi yake kuonyesha mazingaombwe.

Wazazi wetu walikufa katika mwaka mmoja, mama kwanza, baba akafuata. Nilikuwa darasa la tano. Niliacha shule wiki ile ile, na mwalimu wangu alisikitika sana, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimfagilia nyumba. Nilikwenda Jinja kuwa yaya katika nyumba ya Wahindi, nikamchukua mdogo wangu wa kike, tukapanga chumba mtaa wa Kimaka. Mtoto wa mwisho alikuwa hajaanza kutembea, na yaya hawezi kwenda kazini na mtoto mgongoni ambaye si wa tajiri. Shangazi akamchukua Mbale. Kwa muda, tuliambiana. Muda ule ukawa miaka mitano.

Kila Idi nilipanda basi kwenda kumwona, nikiwa na mkate mrefu wa Jinja kwenye kikapu. Yeye alinijua kwa mkate huo. Nikitokea njiani alikimbia ndani kutoa habari: "Shangazi, yule wa mkate amekuja."

Mwaka ule mume wa shangazi alipata kazi Kisumu. Wangehama baada ya sikukuu, na nilijua kwamba mtoto akivuka mpaka nitamwona akishaota ndevu. Nikaja kumwomba. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akachambua mchele wake, kisha akasema:

"Mimi simtoi mtoto kama mbuzi. Akikubali mwenyewe kwenda na wewe, mchukue. Akilia, anakwenda na sisi Kisumu."

"Na msichana asiye na mume atamlea vipi mtoto wa kiume?" akauliza mume wake.

"Kama alivyowalea wa Wahindi," akasema shangazi. "Wale hawana masharubu?"

Kwa hiyo nilikuwa na siku moja ya kumfanya mtoto anayenijua kwa mkate atamani kuishi na mimi. Sikuwa na pesa wala hadithi nzuri. Nilichokuwa nacho ni ujuzi mmoja tu, nao niliupata kazini.

Katika nyumba ya tajiri yangu, ghorofani juu ya duka la vitambaa, aliishi mzee, baba yake tajiri. Ujanani alikuwa fundi wa mazingaombwe, na wajukuu walimsumbua kila jioni awaonyeshe. Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yai likitetemeka kila mtu analiona. Siku moja aliniangalia nimevaa gomesi, vazi letu la heshima, lenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana kiunoni, na kitambaa kingi kuliko mwili unavyohitaji. Akasema:

"Yaya, nguo yako iko sanduku ya mazingaombwe, na wewe hapana jua."

Tangu siku hiyo nikawa mkono wake wa pili. Ndani ya mshipi wa gomesi unaweza kuficha mayai, leso na kisahani cha chai, na hakuna mtu atakayeuliza, maana mwanamke mnene hakuulizwa kitu siku zile. Mzee alinifundisha kugeuza macho ya watu, kuongea wakati mkono unafanya kazi, na juu ya yote alinifundisha sheria moja.

"Kitu yoyote ikitokea, inama. Watu hapana jua wewe alitaka fanya nini."

Nilimwambia kwamba mwanamke wa kwetu hainami, anapiga magoti: akisalimu, akipewa kitu, hata akipewa kijiko. Je, magoti yatafaa? Mzee akafikiri.

"Magoti iko zaidi mzuri," akasema.

Basi nikaanza. Sijui ni nani aliyebuni wazo la kuwakusanya watoto wa rika zote mahali pamoja na kuwaonyesha kitu kimoja. Yai lilipopotea, watoto wadogo walinyamaza, na kasichana kamoja kakanyanyuka kutazama kama kamelikalia. Wa umri wa kati walinikazia macho kama wanaomtazama mwizi sokoni. Wale wavulana wanne walikuwa wameegemea ukuta.

"Dada, geuka tuone mgongo."

"Liko tumboni hilo. Mwache, atalitaga sasa hivi."

"Afadhali atage. Kuku wa kwetu mwezi wa pili huu hatagi."

Mdogo wangu wa kike akapiga makofi. Wengine wakamfuata, wavulana hawakumfuata. Nikatoa leso sikioni kwa shangazi. Nikageuza maji kuwa mekundu. Muda wote nilikuwa namtazama mtu mmoja. Mdogo wetu alikaa mstari wa mbele, uso mtupu kama karani wa posta, amemshika kifaranga wake kwa mikono miwili. Hakucheka wala hakuogopa. Nikaona kwamba nisipomgusa yeye mwenyewe, nimeumbuka bure. Nikaamua kumpa heshima mbele ya watu.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "niazime kifaranga wako."

Hapa nieleze jambo jingine. Kwetu mtoto hupewa kifaranga kama mwanzo wa mali. Kifaranga akikua anataga, vifaranga wake wakiwa wengi wanabadilishwa kwa mbuzi, mbuzi wakizaana wanabadilishwa kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe mtu anaoa. Shangazi alimpa kifaranga huyu alipoanguliwa wiki iliyotangulia. Kwa hiyo mtoto yule hakuwa ameshika kifaranga. Alikuwa ameshika ng'ombe, na kwa mbali kidogo, mke.

"Utamrudisha?" akaniuliza.

"Nitamrudisha."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Tumesikia," akasema mume wa shangazi, akasogeza kofia yake nyuma.

Nilimweka kifaranga kwenye kikapu, nikakifunika kwa leso, na wakati naipepea leso kifaranga akaingia kwenye mshipi wangu. Jambo hili nilikuwa nimelifanya Jinja mara nyingi. Kifaranga akiwekwa gizani hudhani ni usiku, ananyamaza. Nikawaonyesha kikapu kitupu. Watoto wadogo wakashusha pumzi. Hata mmoja wa wale wavulana aliacha ukuta, akaja hatua moja mbele.

Lakini Jinja nilijizoeza kwa vifaranga wa sokoni, na vifaranga wa sokoni hawana mama. Kuku aliyekuwa akichakura nyuma ya jiko aliita. Kiuno changu kikaitika.

"Tumbo linalia pii," akasema mvulana.

Kuku akaita tena, kiuno kikaitika tena, na safari hii kuku alikuja mwenyewe, shingo mbele na mbawa chini, kama mwenye nyumba anayefuata kodi. Alinirukia kiunoni. Nikarudi nyuma, mshipi ukalegea, yai likaanguka, na kifaranga akatoka akakimbia katikati ya uwanja mweupe wa shangazi, uliofagiwa vizuri kwa ajili ya sikukuu, bila jani wala kichaka cha kumficha. Kivuli kilipita juu yetu. Mwewe akashuka, akainuka, na uwanja ukabaki mweupe kama ulivyokuwa.

Watu wote walitazama juu. Kisha mdogo wangu wa kike, ambaye nilimwambia apige makofi kila kitu kikipotea, akapiga makofi.

Watoto wote wakalipuka. Walipiga makofi, walipiga mapaja, anayenyonya aliacha kunyonya. Mvulana mmoja alivua kofia yake.

"Hiyo haikuwa ya kwenye mshipi," akasema kwa heshima.

Na mimi nikakumbuka sheria ya mzee. Nikapiga magoti.

Watoto wadogo waliendelea kutazama juu, wakisubiri nimrudishe. Mdogo wetu alisimama.

"Mlete sasa."

Nikamwambia ukweli. "Mwewe amemchukua, ndugu yangu. Mimi sikumtuma."

"Kama hukumtuma, mbona ulipiga magoti?"

Nikaanza kufunga mshipi wangu. Akajijibu mwenyewe.

"Mtu anapiga magoti akipewa kitu. Wewe ulipewa kifaranga wangu. Ukapokea."

Shangazi alitazama chini. Ni yeye aliyekuwa akiwachapa wasichana wa nyumba ile wasiopiga magoti wakipokea.

"Kweli alipokea," akasema yule mvulana, kofia ingali mkononi. "Tumeona magoti yote mawili."

Mume wa shangazi alikohoa kidogo kuficha kicheko. "Bwana mdogo, kesi umeshinda. Lakini mdeni wako anakaa Jinja, na wewe unakwenda Kisumu. Utamdai vipi?"

Mtoto alifikiri. Nilisikia kuku akizunguka nyuma ya jiko, anaita.

"Basi nitakwenda Jinja."

"Hutalia?" akauliza shangazi.

"Nilie kwa nini? Nakwenda kudai."

Aliyelia ni shangazi, lakini masharti yetu hayakumhusu yeye. Asubuhi alimfungia nguo zake kwenye kanga, nasi tukapanda basi. Mtoto alikaa dirishani, macho juu. Baada ya Tororo ndipo aliponisemesha.

"Mwewe wa Mbale wanafika Jinja?"

"Sijui."

"Jitahidi kujua."

Nilikwenda Mbale kutafuta ndugu, nikarudi na mtu anayenidai. Yule mzee, nilipomsimulia, alicheka mpaka chai yake ikamwagika kwenye kisahani, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Ulipiga magoti?"

"Nilipiga."

"Basi ilikuwa mzuri."

Wiki ile ile nilimnunulia mtoto kifaranga sokoni. Akamkagua miguu, akanirudishia. Si huyu. Mwaka uliofuata nikamletea kuku mzima. Akasema wake angekuwa na vifaranga sasa. Nilipomletea kuku na vifaranga, tulikuwa tumefika kwenye mbuzi. Wakati wote huo alikula kwangu, alilala kwangu, nilimpeleka shule asubuhi na kumngojea jioni, na siku alipougua malaria alinishika mkono usiku kucha, akihofia, nadhani, nisije nikatoroka. Alisoma akanipita. Alipooa nilimtolea ng'ombe wa mahari, nikamwuliza kama tumelipana.

"Dada, huyo ni wa mke," akasema. "Wa kifaranga ni mwingine."

Sasa ana mvi. Kila Idi anakuja, analeta mkate mrefu, anakula, anachungulia uani kwangu.

"Ng'ombe wangu hajambo?"

"Bado yuko juu," namwambia.

Anatazama angani kidogo, anavaa viatu vyake. "Basi nitapita tena."