Jina la Mfalme na la Baba

Leo maktabani mtu alifungua chupa ya chai ya tangawizi, nami nilikuwa nikisoma kwamba mfalme wa Urusi ambaye Waingereza humwita wa Kutisha alipewa na watu wake jina lenye heshima ndani yake, kama tusemapo baba mkali.

Utotoni, shuleni Barking, huko Uingereza, nilimtafsiria mama. Mwalimu aliuliza baba ni mtu wa namna gani.

“Mwambie baba yenu ni mkali, hataki mchezo na masomo,” mama alisema kwa fahari.

Neno la Kiingereza lenye heshima nililijua. Lakini nikasema baba anatisha, na mwalimu akaandika.

Juma lililofuata alikuja nyumbani afisa wa ustawi wa jamii, wa kulinda watoto. Baba alimmiminia chai ya tangawizi, kisha akanigeukia.

“Mwanangu, hebu muulize mgeni ametuletea habari gani.”