Nilitaka ngumi ilie kama ya yule Mwitaliano

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini masikio yangu. Ndugu zangu, nina aibu, lakini acheni niseme.

Kuna mwigizaji mmoja wa Italia, wa zile filamu za zamani za makauboi na polisi. Jina silitaji. Ndiye aliyenifundisha kuigiza, nikimtazama peke yangu kwenye simu. Leo ni muuaji, kesho komisari, kesho kutwa padri mlevi wa kuchekesha, na kila mara unasahau kuwa ni yuleyule. Hata namna ya kukaa kitini inabadilika! Na akipiga ngumi, loo! Inalia kama mbao inayopasuka. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mlio ule.

Tunatengeneza filamu fupi hapa Kenya, mtaa wetu, si ile nchi, nyuma ya gereji. Rafiki yangu Trésor, mchomeleaji, ndiye aliyeigiza adui yangu. Nikampiga kofi. Nikasikiliza kwenye simu: mlio mdogo, wa hovyo.

"Turudilie," nikasema.

"Yaya, unanipiga ya kweli!" Ndivyo alivyoniita, yaani mkubwa wake.

"Bantu batasema tunacheza."

"Baseme! Hii sura ni ya mama, haiko ya sinema."

Wote tukacheka. Kisha nikakunja ngumi. Damu ikamtoka mdomoni, na bado mlio haukunitosha. Trésor akatema, akafuta kidevu.

"Ya mwisho, yaya. Ya mwisho kabisa."

Nilikuwa nimevaa pete nene, kwa sababu yule Mwitaliano huvaa. Nikapiga kwa nguvu zote za bega. Pete ikamwingia jichoni.

Alipiga ukelele ambao sijausikia katika filamu yoyote. Damu ilipita kati ya vidole vyake. Na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia kwanza kama simu imerekodi!

Hospitalini, Trésor alipolala na bandeji usoni, nilifungua filamu ya yule mtu bila sauti, nisimwamshe. Ndipo nikaona. Ngumi inapita kando ya shavu, haigusi! Anayepigwa ndiye anayeitupa shingo yake mwenyewe. Na mkono wa pili wa Mwitaliano unamshika koti, asianguke vibaya. Ule mlio waliuweka baadaye. Kumbe nilimsifu kwa ukali, na ufundi wake ulikuwa uangalifu!

Mama yake Trésor alinikuta nikitazama. Hakupaza sauti.

"Alikuwa anakuita yaya. Na weye unamutoboa jicho."

Nikaizima simu.

Nyinyi mnaojifundisha wenyewe kama mimi, nawaomba: zimeni sauti kwanza, mwangalie mikono. Na mwenzako akikuambia inauma, ishia hapo! Usimpendeze mtazamaji kwa mwili wa rafiki yako.

Jicho la kushoto la Trésor halioni tena. Ameacha kuchomelea, na kwangu haji. Mimi bado natengeneza filamu za mapigano. Siku hizi hakuna mtu anayeguswa.