Nyota Inayofumka

Jamiru Nasur ameendesha lori la sukari kati ya Jinja na Mbale tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Barabara hiyo anaijua kwa mwili, mashimo yake na vilima vyake. Kwa hiyo bintiye Shadiah, anayesoma fizikia katika chuo kimoja huko Mbale, alijua pa kuanzia alipotaka kumweleza mambo ya nyota.

Siku hiyo Jamiru alishusha mzigo mapema, akapita chuoni kumjulia hali. Shadiah alimketisha mbele ya kompyuta, akamfungulia picha ya nyota inayokufa. Katikati palikuwa na nukta nyeupe. Pande zake mbili gesi ilikuwa imefumka kama mabawa ya kipepeo.

"Mbona imebanwa kiunoni?" Jamiru aliuliza.

"Pana mkanda wa vumbi zito, Baba. Gesi haipenyi hapo, basi inatokea juu na chini. Bawa hili linatujia, lile linatukimbia. Tunajua kwa rangi ya mwanga wake."

Kisha akaleta picha ya pili, ya nyota ileile, iliyopigwa miaka mingi baadaye. Akazibadilisha harakaharaka. Mabawa yakatanuka. Kidogo mno, upana wa unywele, lakini yakatanuka.

Jamiru akashika ukingo wa meza. Maisha yake yote alidhani nyota zimetulia tuli.

"Gesi hiyo inakwenda kasi gani?"

"Jinja mpaka Mbale, kwa sekunde moja."

"Subhanallah! Na miaka yote hiyo imesogea unywele tu?"

"Ndipo ujue iko mbali kiasi gani."

Aliporudi nyumbani Masese, kule Jinja, alimsimulia mkewe Kadija, ila aliishia kupanua mikono hewani. Kadija alicheka kwanza. Alipoona macho ya mumewe yamelowa, akaacha.

"Nipeleke nami nikaone, Baba Shadiah."

Safari iliyofuata Kadija alipanda lori pamoja naye. Huko chuoni Shadiah akazibadilisha picha zile mbili mbele ya mama yake.

"Gesi hii ikishatoka, inapotea?"

"Haipotei, Mama. Inaenea angani, na baadaye inaingia katika nyota nyingine. Hata kaboni iliyo mwilini mwako, nyingi yake ilipikwa ndani ya nyota kama hii."

Kadija akaugeuza mkono wake, akautazama nyuma na mbele kana kwamba amepewa leo.

"Zibadilishe tena," alisema. "Polepole."