Bundi wa Kuwekea Kikombe

Mezani kwangu, ofisini hapa Kisumu, kuna kibao cha kuwekea kikombe chenye picha ya kale ya bundi, ya zile zilizochorwa kwa mkono, kila unyoya na mstari wake. Chai ikimwagikia kibao hicho hunuka kuni mbichi, nami hurudi jikoni kwa nyanya.

Mama alikuwa mgonjwa, amelazwa mkekani karibu na mlango. Majirani walishaacha kuja. Jioni moja bundi akatua juu ya paa, akalia. Kwetu bundi akilia hivyo anaita kifo, na hufukuzwa kwa moto. Nyanya akachomoa kijinga cha moto mekoni, akatoka nacho mbio.

“Peleka msiba kwenu!”

“Mwache, Mama,” mama yangu akamwambia kutoka ndani. “Ni huyo tu bado anakuja kuniona.”

Nyanya akakirusha. Bundi akaruka kuelekea ziwani.

Siku hizi, kila asubuhi, mwanamke anayesafisha ofisi hukigeuza kibao, picha ikatazama chini. Hatujawahi kulizungumzia. Akishatoka, mimi hukigeuza tena, bundi anione.