Leseni Mbili Tu

Zamani, pale sokoni hapakuwa na fundi mizani ila mmoja, na kwa kuwa leseni ya ufundi huo alikuwa nayo yeye peke yake, watu walimwita Bwana Leseni. Mizani ikiharibika ilipelekwa kwake, ikapandishwa rafuni, ikakaa huko mpaka roho yake ipende. Rafu ikijaa, alitabasamu. Mchinjaji asiye na mizani hauzi, basi walimbembeleza kama mkwe.

Kazi yenyewe aliifanya mke wa mdogo wake, Mama Springi, kwa malipo ya makombo. Aliomba apewe leseni yake mwenyewe mara kadhaa. Akajibiwa kwamba soko lina fundi tayari, na aliyejibu ni kamati ambayo Bwana Leseni mwenyewe alikuwa mjumbe wake. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Serikali ilipofuta leseni za ufundi huo, Mama Springi alivua aproni siku hiyo hiyo.

"Utarudi, shemeji," Bwana Leseni akasema.

"Labda kukuzika."

Akafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Aliyeleta mizani mbovu aliazimwa nzima, akaenda kuuza. Hakuna uchawi mwingine. Hata wauza mboga, waliokuwa wakiuza kwa mafungu kwa kuogopa ile rafu, wakanunua mizani. Soko likafurika hadi barabarani.

Kisha vikachipuka vibanda vingine viwili, vyenye bei ya chini kuliko yake. Ndipo Bwana Leseni alipovuka barabara, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, hawa wahuni watatumaliza. Twende tukaseme leseni zirudi. Mbili tu, yangu na yako."

Tusidanganyane, Mama Springi alitamani. Wale wa bei ya chini walikuwa wamemkaa kooni. Lakini alimjua mtu huyu: leseni atakayokupatia, kamba yake ataishika yeye.

"Miaka yote umenifungia mlango. Leo unataka tuwafungie wenzetu?"

"Ndiyo biashara."

"Basi inuka. Umekalia kiti cha mteja."

Bwana Leseni akaondoka akitukana ukoo mzima, kasahau kuwa ni wake pia.

Muuza samaki alikuwa anapita na mizani begani, anaelekea kwa wale wa bei ya chini. Mama Springi akamwita.

"Njoo baba, nikuazime nzima uende ukauze."

"Wale wenzako nao wanaazima siku hizi. Punguza kwanza."

Akapunguza, meno kayakaza, huku akimlaani muuza samaki kimoyomoyo.