Springi za Maji ya Chumvi

Nilikuwa mhunzi mtaa wa Langoni, na gari nililiogopa. Miaka ile ya hamsini kisiwani kwetu Amu hatukuwa na magari. Tulikuwa na punda, na punda ukishamjua umemjua. Basi mtu wa kufua tezo za kuchongea mbao na misumari ya mashua alikwenda kutafuta nini chini ya gari la mbio? Nilikwenda kutafuta sifa. Nasema kweli, sifa tu.

Gari lilikuwa la mume wa dada yangu mdogo, kijana wa Mombasa aliyekuja kumuoa. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, fupi utadhani limechutama. Alikuja nalo kwa njia ya mchanga mpaka Mokowe, upande wa bara, akaliacha huko akavuka. Safari nzima lilikuwa likisugua tumbo chini. Alikuja na shokomzoba mpya ndani ya sanduku, lakini springi za kuliinua hakuwa nazo. Baada ya nikahi akaingia fungate, siku saba ndani kwa mkewe, na bwana arusi wa fungate hatoki kwenda kushika spana.

"Shemeji," akaniambia, "nifungie hizo shokomzoba, na springi uziinue na kuzitia nguvu. Siku ya nane namchukua mke wangu."

Ningesema siwezi. Nikasema, "Hilo tu?"

Nikavuka, nikapiga jeki, nikazifungua springi za nyuma, vile vyuma virefu vilivyolaliana, nikarudi navyo kiwandani kwangu. Nikavitia motoni kimoja kimoja, nikavikunja viwe na mgongo zaidi. Kila upande nikaongeza chuma kimoja nilichokikata kwenye springi ya lori bovu. Kisha, vikiwa bado vyekundu, nikavitumbukiza katika pipa la maji ya bahari, maana maji ya kisima ni ya kunywa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya tezo, na tezo hutakiwa iwe ngumu. Ndivyo alivyonifundisha baba, na mkono wangu haukujua jingine.

Nikarudi Mokowe, nikafunga kila kitu, nikashusha jeki. Gari likasimama juu, limetuna. Wapagazi wakalibonyeza kwa mikono, wala halikutikisika. "Jiwe hili, bwana fundi!" wakasema. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Kulijaribu sikulijaribu. Sikujua kuendesha, na hata kuketi ndani yake niliogopa.

Asubuhi ya siku ya nane nilikuwa kiwandani nikimtengenezea dada yangu mbuzi ya kukunia nazi, zawadi ya nyumba mpya. Nikachukua kipande kilichobaki cha ile springi ya lori, kilichopita moto ule ule na maji yale yale. Kikaniponyoka, kikaanguka sakafuni. Kikakatika viwili kama biskuti.

Lahaula! Niliketi palepale chini. Kazi ya springi ni kupinda, na mimi nimeitengeneza isipinde! Nikamwona dada yangu katika kile kiti cha abiria, shimo la kwanza, la pili, halafu springi tak! Nikakitia mfukoni kipande kimoja, nikakimbia kwa mama.

Nyumba ilijaa wanawake, udi unafuka. "Mama," nikasema, "lile gari..." Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kwetu bibi arusi akiondoka hakutajwi kuvunjika wala kuzama. Ni kumtilia nuksi. "Leo sema la heri au nyamaza," akasema mama. Na mimi, mwoga, nikashukuru kuzibwa mdomo. Nikajiambia nitasema ndani ya mashua. Ndani ya mashua jamaa wa bwana arusi wakaanza kunisifu, nikajiambia nitasema Mokowe. Jasho lilinitoka na upepo unavuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, nayajua hayo tangu utotoni, lakini kifo nilichokuwa nikikificha hakikuwa changu.

Mokowe mizigo ikafungwa nyuma. Shemeji akamfungulia mkewe mlango. Dada yangu akainua mguu, akaushusha. Akanigeukia ndani ya buibui lake.

"Kaka, fundi wa chombo ndiye hukipanda kwanza. Weye umelipanda?"

Kweli, mashua mpya haiendi safari ya kwanza bila aliyeiunda kuwamo. Nilikuwa nimeisahau desturi hiyo, au niliikimbia.

"Viti ni viwili tu," nikasema.

"Basi nenda na mume wangu mpaka pale kwenye kona, mrudi. Nawangoja."

"Fundi aogopa!" watu wakacheka. Kipande cha chuma kilikuwa kikinichoma paja. Ningekitoa, mambo yangekwisha, na jina langu lingekwisha nalo. Nikapanda gari.

"Polepole, shemeji," nikamwomba. "Wallahi, polepole!"

Alikuwa kijana, na mkewe alikuwa akimtazama. Akakanyaga mafuta. Shimo la kwanza tukaruka, akacheka. Nikaanza kusoma shahada. Shimo la pili nikasikia mlio chini yangu, mkavu, ule ule niliousikia sakafuni kwangu. Nyuma ya gari ikakimbilia pembeni, akazungusha usukani bure, upande wangu ukapiga kisiki. Mlango ukaingia ndani na mguu wangu ukabaki katikati.

Yeye alipasuka mdomo tu. Dada yangu alikuja mbio, viatu mkononi. Akakitazama kile kiti, mlango ulivyoingia, goti langu lilivyogeuka. "Ningekuwa mimi," akasema. Akapiga magoti mchangani mbele ya wanaume, akanibusu mkono. Kipande cha chuma kilikuwa bado mfukoni. Walipokuwa wakinibeba nikakitoa na kukidondosha kwenye majani, asikione mtu.

Maarusi waliondoka kesho yake kwa lori la mkaa. Sasa dada yangu ana wajukuu, na kila akija Amu huwakusanya mbele yangu, akawaonyesha huu mguu ninaoukokota. "Mwamuona huyu?" huwaambia. "Alilipanda yeye kwanza kwa kunipenda mimi."

Wajukuu huja kunibusu mkono, mmoja mmoja, nami huwapa.